Kamba ya mita saba na robo tatu: namna ya kutazama sanaa ya kisasa ukiwa Kigoma

Baba yangu alikuwa fundi boti Ujiji. Mteja akija kutazama boti iliyokwisha, akasema tu "nzuri", baba hakufurahi. Alimuuliza, "Umeona nini?" Kama mtu hakuwa na jibu, mzee alimshika mkono wakaanza upya. Wanachuchumaa waangalie kama mkuku, ule mti mrefu wa chini ya boti, umenyooka. Wanapitisha kidole kwenye maungio ya mbao, waisikie kalafati, ile pamba ya kuzibia maji. Kisha wanarudi nyuma hatua ishirini waone ilivyokaa. Boti ni ileile, ila sasa mteja ameiona.

Mimi sikurithi randa yake, nilishika brashi. Tangu 1993 nachora majina ya boti pale ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, pamoja na mabango ya saluni, maduka na vibanda vya chakula vya Mwanga na Ujiji. Binti yangu ndiye aliyekwenda kusomea sanaa chuo kikuu, Dar es Salaam. Likizo ya kwanza alirudi na simu imejaa picha ambazo, nasema kweli, ziliniudhi. Mraba mweusi. Sinki la kukojolea. Madumu ya plastiki yamepangwa sakafuni. Miaka yote hiyo nimehangaika jogoo wangu afanane na jogoo, leo naambiwa vitu vya kuwekwa makumbusho ni hivi! Tulibishana hadi mama yake akatuamuru tule.

Nimekuja kupenda vingi kati ya vitu vile, na vichache nimevikataa kwa sababu ninazoweza kuzitaja. Nawaandikia njia niliyopita mimi, kwa ajili ya mtu aliye mbali na majumba ya sanaa, mwenye simu, macho na jioni moja ya nafasi.

Dakika kumi za kwanza

Chagua kazi moja. Usifungue picha hamsini kwa mpigo, utatoka bila kitu. Kwa dakika kumi jizuie kusema "nzuri", jizuie kusema "mbaya", na usiulize "hii ni picha ya nini?"

Hilo la mwisho ndilo gumu, na najua kwa nini. Sisi wachora mabango tunalipwa ili swali hilo lijibike upesi. Mtu anapita juu ya bodaboda, anaona kuku na sahani, anajua hapa pana chipsi kuku. Ukishindwa kumfikishia hilo kwa sekunde mbili, umeharibu kazi. Macho yetu yamezoea kulishwa namna hiyo. Mchoro wa kisasa mara nyingi unakutaka ukae nao, na ukiuharakisha unakunyima.

Badala ya swali hilo, sema unachokiona. Sema kwa sauti, kama unamsimulia mtu kwenye simu ambaye hana picha. Rangi zipi, ipi imeanza na ipi imekuja juu yake. Wapi rangi ni nzito na wapi inaonyesha ubao. Kingo zimekatwa kwa makini au zimeachwa zitambae. Mkono ulitoka wapi ukaenda wapi.

Kama hilo ni geni kwako, anza na boti iliyovutwa mchangani ikisubiri kukwanguliwa. Mwaka jana nilimkalisha kijana ninayemfundisha kazi mbele ya moja, akasema "ni boti mbovu". Nikamwambia endelea. Polepole akaona bluu ya juu imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, chini yake kuna nyekundu, chini ya nyekundu kuna nyeupe ya kwanza kabisa. Akaona ukoko wa kijani pale maji yanapoishia. Akaona nusu ya herufi M, na akaitambua: ni ya mkono wangu, niliipiga mwenyewe miaka ya nyuma kabla boti haijabadilishwa jina. Nusu saa nzima alikuwa anazungumzia ubao usio na picha ya kitu chochote.

Jioni ileile nikamfungulia picha ya mchoro wa Mark Rothko, yule Mmarekani wa mistatili mikubwa ya rangi iliyopandana. Kabla ya ile boti angesema hakuna kitu. Sasa aliniambia rangi imepakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kwamba nyekundu ya chini inapumua kupitia ile ya juu, na kwamba kingo zinatetemeka. Rothko alitaka watu wasimame karibu sana na michoro yake, na ni mikubwa vile, rangi ikuzunguke pande zote. Kijana alikuwa amefika hapo bila kuelezwa. Tofauti kati ya boti na mchoro ni kwamba boti imechakaa yenyewe, na mchoro kuna mtu aliyeamua uachwe hivyo. Ukishaona kilichopo, ndipo uulize: kwa nini ameamua hivi?

Kitu hiki kilikuwa nini kabla?

Hapa ndipo mimi nilipofunguka, kwa hiyo mnivumilie nikikaa kidogo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, na jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Watu humsifia wanyama wake. Mimi namsifia kwa ubao na kopo. Alichorea vipande vya bodi za ujenzi, zile za kupigia dari, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ambayo watu waliitumia kwenye baiskeli. Aliyewahi kushika rangi ile anajua tabia yake. Inakauka ngumu na tambarare, haikubali uivurugevuruge juu ya ubao ili upate kivuli laini kama cha shavu la mtu. Unaweka rangi moja, unasubiri ikauke, unaweka nyingine juu yake kwa alama iliyokatika. Basi tazama tena yale madoa ya chui na ile mandhari ya nyuma yenye rangi moja. Si kwamba alishindwa kivuli. Alisikiliza kopo linataka nini. Ninapoona hivyo naheshimu mkono.

El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi yake miaka mingi Nsukka, Nigeria, anachukua vifuniko vya chupa za pombe kali, anavifinya, anaviunganisha kwa nyaya za shaba hadi vinakuwa kama shuka kubwa ya dhahabu inayoning'inia ukutani. Kwa mbali ni kitambaa cha kifalme. Kwa karibu ni vizibo. Na pombe hiyo ni bidhaa iliyoletwa Afrika Magharibi kwa meli za Ulaya zamani za biashara ya watu. Uzuri na historia vimefungwa kwa waya mmoja.

Sasa yale madumu. Mtengenezaji wake ni Romuald Hazoumè, wa Benin. Kazi ina madumu 304, kila moja limekatwa likawa uso: mdomo wa dumu ndio mdomo wa mtu. Kule Benin madumu hayo hubeba petroli ya magendo kutoka Nigeria, na wabebaji huyatanua kwa moto ili yameze mafuta mengi zaidi, hadi plastiki inakaribia kupasuka. Hazoumè ameyapanga sakafuni kwa umbo la mchoro maarufu wa meli ya Brookes, ule unaoonyesha watumwa walivyolazwa kama magogo. Jumba la Makumbusho la Uingereza liliinunua kazi hiyo mwaka 2007.

Nilimwonyesha picha yake mama mmoja anayeuza mawese pale sokoni Mwanga, mtu ambaye maisha yake yote ni madumu ya lita ishirini. Nilimwamkia, nikamwomba asiniambie kama ni nzuri, aniambie anaona nini. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akanyamaza, akasema: "Haya yamebeba sana. Dumu likibebeshwa hivi halirudi umbo lake." Kisha akauliza kwa nini yamelazwa kama watu. Nikamweleza habari ya meli. Huyu ni mzaliwa wa Ujiji, anajua ile njia ya misafara ilianzia wapi na minyororo ilipita wapi kuelekea Tabora na Bagamoyo. Alirudisha simu bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimeipita kazi hiyo kwa kidole mara ya kwanza, kwa sababu niliona plastiki. Yeye aliona mzigo.

Kwa hiyo kila ukikuta kitu cha kawaida kimewekwa mahali pa sanaa, usianze na kuudhika. Uliza kilikuwa kinafanya kazi gani, mikononi mwa nani, kimepita wapi.

Kwa nini waliacha kufananisha

Wengi hukwama hapa: kama wanajua kuchora, mbona hawachori mtu akafanana na mtu? Nitajibu kwa yaliyonipata.

Zamani, saluni yoyote ya Mwanga ikitaka bango ilinifuata, nikachora vichwa sita vyenye mitindo sita ya nywele. Zikaja mashine za kuprinti mabango. Leo mwenye saluni anapeleka picha aliyoitoa intaneti, na kesho yake anatundika plastiki yenye sura kali kuliko nitakayoweza kuichora kwa wiki nzima. Nilikaa miezi nikijiuliza mkono wangu una faida gani. Kilichoniokoa ni majina ya boti, kwa sababu mashine haipandi kwenye ubao uliopinda, na kwa sababu wavuvi wanataka herufi zao zisifanane na za boti nyingine.

Wachoraji wa Ulaya yaliwakuta hayo kuanzia 1839, upigaji picha ulipotangazwa Paris. Kufananisha ambako kulikuwa riziki yao kukawa kazi ya chombo. Si sababu pekee, lakini mchoraji yeyote wa mabango ataielewa bila kufafanuliwa. Ikabidi watafute mkono unaweza nini ambacho chombo hakiwezi.

Claude Monet mwaka 1872 alichora bandari ya Le Havre alfajiri: ukungu, jua la rangi ya chungwa, vyombo vidogo vya giza juu ya maji. Alipoionyesha Paris mwaka 1874, mwandishi mmoja wa gazeti aliikejeli, na kejeli ile ikageuka kuwa jina la kundi zima la wachoraji. Mtu wa Kibirizi hahitaji darasa la mchoro huo. Simama pale saa kumi na mbili asubuhi boti za dagaa zinaporudi, uniambie kama unaona mbao na misumari. Unaona madoa meusi na utepe wa mwanga juu ya maji, kama alivyoona yeye.

Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakuta vinyago vya Afrika vimerundikwa. Mwaka huohuo alichora wanawake watano, na nyuso mbili za upande wa kulia zimekatwa kama kinyago cha mti. Wachongaji wetu hawakuwa wamesubiri ruhusa yake kuacha kufananisha. Walijua tangu zamani kwamba uso una nguvu zaidi ukikatwa kuliko ukinakiliwa. Napenda vijana wetu walijue hili vizuri, kwa sababu nawasikia wakisema sanaa hizi ni za Wazungu.

Ule mraba mweusi ni wa Kazimir Malevich, Mrusi, 1915. Aliuweka juu, kwenye pembe ya chumba, pale nyumba za Warusi waumini wanapoweka picha takatifu. Ukijua mahali ulipotundikwa, hauwi tena mraba tu. Na sinki la kukojolea ni la Marcel Duchamp, 1917, New York: alilinunua, akalilaza chali, akalitia sahihi ya jina la kubuni, R. Mutt, akalipeleka kwenye maonyesho yaliyoahidi kupokea kazi ya kila aliyelipa ada. Wakaligomea. Ahadi yao ikajulikana kipimo chake. Sinki lenyewe halinivutii hata leo, lakini swali lake, la nani ana haki ya kusema hii ni sanaa, bado halijaniacha.

Kuhusu majina: watu hutenganisha sanaa ya kisasa, ya takriban miaka ya 1860 hadi 1960 na kitu, na sanaa ya wakati huu, inayofanywa na watu wa zama zetu. Mpaka wake si ukuta. Usipoteze usingizi nao.

Pima kwa kamba

Simu inadanganya juu ya ukubwa. Kila kitu kinakuwa na upana wa kiganja, na ukubwa ni nusu ya maana. Dawa yake ni kamba.

Guernica ya Picasso, iliyoko Madrid, ina kimo cha mita 3.49 na urefu wa mita 7.76. Nilimwomba binti yangu ashike ncha moja ya kamba ya boti, tukapima mchangani Kibirizi, tukapiga vigingi vinne. Ni urefu wa boti ya kuvulia. Nikasimama katikati na simu mkononi, nikawa natazama kipande kimoja cha picha, kisha napeleka macho mchangani mahali kinapopaswa kuwa. Farasi anayelia alikuwa mkubwa kuliko mimi. Upande wa kushoto kuna mama ameinua uso juu, mtoto amelala mikononi mwake, shingo imelegea.

Tarehe 26 Aprili 1937, siku ya gulio, ndege za Ujerumani na Italia ziliupiga mabomu mji wa Guernica, nchini Hispania. Picasso alikuwa Paris, habari zikamfikia kupitia magazeti. Mchoro wote ni mweusi, mweupe na kijivu, kama gazeti.

Mwaka 1996 nilikuwa kijana hapahapa ufukweni, boti za wakimbizi zilipokuwa zinavuka kutoka Kongo. Nilimwona mama akishuka na mtoto akiwa vilevile, shingo ileile. Sijawahi kuweza kulisimulia vizuri. Nikiwa ndani ya vile vigingi vinne, mwanangu ameshika kamba, nilielewa kwa nini mtu anaweza kukataa kuchora uso unaofanana. Uso unaofanana ungekuwa wa mama mmoja. Ule uliovunjika ulikuwa na nafasi ya huyu niliyemwona mimi.

Fanyeni hivyo kwa kazi yoyote yenye vipimo. Kama hamna ufukwe, uwanja wa shule unatosha.

Maneno

Soma jina la kazi na maelezo yake baadaye, si kwanza. Ukisoma kwanza, macho yatatafuta kile yalichoambiwa na kuacha mengine. Tazama, soma, kisha rudi utazame.

Ila kuna kazi ambazo maneno ni sehemu ya mchoro wenyewe, na hapo sisi ni wenyeji. Kanga ina pindo, mji na jina, na hakuna mwanamke wa Ujiji anayenunua rangi bila kusoma jina. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, ana kazi zilizofuata umbo la kanga, zenye maneno yake. Zitazameni kama mnavyotazama kanga dukani.

Na ng'ambo ya ziwa letu kuna watu wangu. Chéri Samba wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1956, alianza kama mchora mabango, kazi yangu hii. Anaandika juu ya mchoro, kwa sababu aliona watu wanapita haraka mbele ya picha, na wakikuta maandishi wanasimama wasome. Ujanja huo naujua kutoka barabarani. Mwingine ni Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, ambaye miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, akimsimulia mtafiti mmoja picha moja baada ya nyingine. Alisimulia kwa Kiswahili. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, yumo mara nyingi. Mimi kila siku napanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni, chini ya miembe, na kabla ya picha zile Lumumba kwangu lilikuwa jina la barabara.

Ukishatazama, una haki ya kukataa

Damien Hirst, Mwingereza, mwaka 1991 alimweka papa mzima ndani ya tangi la dawa ya kuhifadhia. Wa kwanza aliharibika, akabadilishwa mwaka 2006. Nimekaa na picha yake mara tatu, nimepima kwa kamba, nimesoma. Mimi naishi na samaki wafu kila alfajiri, na ninachokiona ndani ya kioo kile ni kidogo kuliko ninachokiona kwenye karai la migebuka. Naikataa. Binti yangu anaipenda na ana hoja zake. Kukataa baada ya kutazama kunatoa mazungumzo marefu, na jioni kama hizo nazipenda kuliko tulizokuwa tukikubaliana.

Nunua daftari la kurasa chache. Kwa kila kazi andika mstari mmoja: nini nimeona, kimetengenezwa kwa nini, nini kimenisumbua. Baada ya miezi sita rudia ya kwanza. Mimi ile ya madumu niliandika "takataka". Sijaufuta mstari huo. Chini yake nimeandika alichosema mama wa mawese.

Ukipata safari ya Dar, na ni kama kilomita 1,250 za reli, tenga siku moja. Pita Morogoro Stores, Oysterbay, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, utazame mtu akisubiri rangi ikauke. Halafu nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza 2008, ambako wasanii wanafanyia kazi na unaweza kumuuliza mtengenezaji mwenyewe. Usimuulize maana ya kazi yake. Muulize alianza na nini, na nini alikifuta.

Na ukiwa Kigoma, njoo Kibirizi asubuhi, baada ya boti za dagaa kushusha. Uliza anayechora majina ya boti. Kamba ninayo, nimeshaifunga mafundo mawili, moja kwenye mita 3.49 na jingine kwenye 7.76. Vigingi njoo navyo.